Mikesha 13 ya Yom Kippur: Rav, Rabi Hanina na radhi isiyotolewa

Mbele ya Rabi Yehuda ha-Nasi, mkuu wa Wayahudi wa Nchi ya Israeli mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3, kijana mmoja anasoma sehemu ya Maandiko. Jina lake ni Abba, lakini vizazi vilivyofuata vimemwita Rav tu, yaani Mwalimu. Anaingia Rabi Hiyya, ambaye kwa Rav ni ami na mjomba kwa pamoja. Rav anarudi mwanzo wa somo ili aliyeingia asikose kitu. Anaingia Bar Kappara, Rav anarudi mwanzo. Anaingia Rabi Shimon, mwana wa Rabi Yehuda, anarudi tena. Kisha anaingia Rabi Hanina bar Hama. Rav anasema: "Mara zote hizi turudi nyuma?" Akaendelea pale alipofika. Rabi Hanina akaudhika.

Rav akamwendea kumwomba radhi mkesha wa Yom Kippur, siku ya Wayahudi ya kufunga na kutubu. Hakuridhika. Akamwendea mkesha wa mwaka uliofuata. Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkuu wa mijadala ya wahenga wa Kiyahudi, katika kitabu chake cha Yoma, ukurasa wa 87, inatoa hesabu: mikesha 13, na Rabi Hanina hakutulizwa.

Kisa chenyewe ni mistari michache, lakini karibu kila kipengele cha sheria ya Kiyahudi kuhusu kuomba na kutoa msamaha kinaguswa humo. Tena kinaguswa mahali pagumu, kwa sababu waliohusika wote wawili ni wanachuoni wakubwa, na kila mmoja anaonekana kwenda kinyume na kanuni. Mmoja aliomba kupita kiwango kinachotakiwa. Mwingine alikataa pale ambapo sheria inamtaka akubali.

Kosa lilikuwa nini hasa

Hapakuwa na mali iliyochukuliwa, wala kipigo, wala uzushi. Msomaji alichoka kurudia, basi. Wapo watakaosema Rabi Hanina alinuna bure. Lakini kosa la namna hii hupimwa pia kwa mahali liliposemwa na watu waliokuwapo. Rav aliwapa watatu heshima, wa nne akamnyima, na hakumnyima kimyakimya. Alitamka, na ukumbi wa mkuu wa taifa ukasikia. Hata kama nia yake ilikuwa kulalamikia uchovu, maneno yalimwangukia yule aliyekuwa mlangoni wakati ule.

Kitabu kingine cha Talmudi, Bava Metzia (58b), kinasema kumuumiza mtu kwa maneno ni kosa kubwa kuliko kumpunja mali. Rabi Shmuel bar Nahmani anatoa sababu ambayo mwenye duka yeyote ataielewa: mali inaweza kurudishwa, neno haliwezi. Papo hapo imeandikwa kwamba anayemwaibisha mwenzake hadharani ni kama amemwaga damu. Rav Nahman bar Yitzhak (kwake na kwa wengine wanaofuata, "Rav" ni cheo tu mbele ya jina) akakubaliana na usemi huo kwa ushahidi wa macho: tunaona wekundu ukiondoka usoni na weupe ukiingia.

Kwa hiyo deni la Rav ni la kweli, nalo ni la aina ambayo Yom Kippur haiifuti. Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaujadili, katika Yoma (8:9) inagawa dhambi mafungu mawili. Dhambi kati ya mtu na Mungu, Yom Kippur huzifunika. Dhambi kati ya mtu na mwenzake, Yom Kippur haizifuniki mpaka amridhishe mwenzake. Msomaji Mwislamu wa pwani atautambua mgawanyo huu mara moja: haki ya Mungu ni moja, haki ya mja ni nyingine. Rabi Elazar ben Azaria aliutoa katika Walawi 16:30, panapotajwa kutakaswa na dhambi "mbele za Bwana". Alisoma hivi: zilizo mbele za Bwana zinatakaswa, zilizo kati yako na mwenzako zinakungoja.

Neno la Kiebrania la toba ni teshuva, kurudi. Toba yetu, iliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, ni ndugu wa neno hilo, na kafara ni ndugu wa kippur. Lakini undugu wa maneno usitupoteze. Kwa Kiswahili, ukisema kafara wengi hufikiria kitu kinachotolewa, mnyama au chakula. Katika Yom Kippur, tangu Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70, hakuna tena madhabahu wala mbuzi wa kubebeshwa dhambi. Imebaki siku yenyewe, tarehe 10 ya mwezi wa Tishri, kufunga kwa saa 25 hivi, maungamo, na yule mtu uliyemkosea.

Alichodaiwa Rav

Upande wa Mungu una utaratibu wake. Rambam, yaani Moshe ben Maimon (1138–1204), mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi, anauweka wazi katika sheria zake za toba. Mkosaji analiacha kosa, analiondoa katika fikra zake, anakata shauri moyoni kwamba hatalirudia, anajutia lililopita, kisha anayatamka hayo kwa midomo. Ungamo analolitoa Rambam ni fupi: nimekosa, nimepotoka, nimeasi mbele zako, nimefanya kadha wa kadha, najuta na naona haya kwa matendo yangu, na kamwe sirudii jambo hili. Uzito wote uko kwenye yale maneno "kadha wa kadha", kwa sababu hapo ndipo kosa linapotajwa kwa jina lake. Ungamo la Rav lisingekuwa "nimekuwa na kiburi". Lingekuwa: sikurudi mwanzo alipoingia Hanina, na nilisema maneno yale mbele ya watu.

Ukiondoa kipande cha kuacha, vingine vyote havisimami. Talmudi (Taanit 16a) inamfananisha anayeungama bila kuacha na mtu aliyejitosa katika maji ya kujitakasa huku ameshika mtambaazi najisi mkononi. Hata ajitose katika maji yote ya ulimwengu, yuko vilevile. Akimtupa, mara moja anatakasika. Na kipimo cha toba kamili, kwa mujibu wa Rav Yehuda na baadaye Rambam, ni mtu kukutana na nafasi ileile ya kukosa, mahali palepale, nguvu akiwa nazo, na asikose. Kwa msomaji aliyechoka kurudia, kipimo hicho ni rahisi kukiona: somo lingine, mlango unafunguliwa tena katikati ya aya.

Inafaa kukumbuka kwamba ni Rav huyuhuyu, katika majadiliano hayahaya ya Yoma, aliyetaja mwanzo wa ungamo ambao hadi leo husomwa sinagogini siku ile: "Wewe wajua siri za ulimwengu." Aliyeyatoa maneno ambayo Wayahudi wa dunia nzima husimama nayo mbele ya Mungu alikuwa na jirani mmoja ambaye hakupata neno la kumridhisha.

Kwa Rabi Hanina, njia ni ya miguu. Mishna ya Bava Kamma (8:7) inaanza na kesi nzito zaidi, ya aliyempiga mwenzake. Fidia yake ina mafungu matano: jeraha, maumivu, matibabu, siku za kazi zilizopotea, na aibu. Anaweza kuyalipa yote matano mpaka senti ya mwisho, na bado, inasema Mishna, hajasamehewa mpaka amwombe. Malipo yanaziba hasara, hayagusi uchungu. Kinyume chake pia ni kweli: mwenye deni la mali anayekuja na maneno matamu kabla ya kulipa anaomba kitu ambacho hajakifikia. Wizi unarudishwa kwanza. Hapo wahenga walilegeza jambo moja kwa makusudi: aliyeiba boriti akaijengea nyumba halazimiki kuibomoa nyumba, analipa thamani ya boriti, ili njia ya watubuo isifungwe (Gittin 55a).

Katika kesi ya Rav hakuna cha kulipa, kuna kuridhisha tu. Utaratibu wake umepangwa katika Shulhan Arukh, kitabu cha sheria za Kiyahudi cha Yosef Karo, iliyochapwa Venice mwaka 1565, sehemu ya Orah Hayim, mlango wa 606. Mara ya kwanza mkosaji huenda mwenyewe. Kumtuma mtu ni rahisi mno, ndiyo maana wafafanuzi wanataka miguu ya mkosaji ifike kwanza, ila pale inapojulikana kwamba mpatanishi atasikilizwa zaidi. Akikataliwa anarudi mara ya pili na ya tatu, kila mara akiwa na watu watatu. Hesabu ya mara tatu ni ya Rabi Yosi bar Hanina. Katika Mwanzo 50:17, ndugu wa Yusufu wanapoombewa radhi, kineno cha Kiebrania cha kubembeleza, "na", kinatajwa mara tatu. Watu watatu wanatoka kwa Rav Hisda, ambaye alitaka safu tatu za watu watatu watatu, akiegemea Ayubu 33:27.

Hao watatu hawakai kama mahakama. Hawaulizi nani alianza. Wanaombea, na kuwapo kwao kunaonyesha kwamba mkosaji yuko tayari kujishusha mbele ya macho ya watu, jambo lenye maana kubwa pale ambapo kosa lenyewe lilikuwa la hadharani. Ndiyo maana kuwachagua vibaya kunaharibu. Ukimpelekea mtu aliyeudhika marafiki zako watatu wenye sauti, umempelekea shinikizo. Wafae wale ambao yeye mwenyewe anawaheshimu.

Mishna Berura, ufafanuzi wa Shulhan Arukh ulioandikwa na Israel Meir Kagan (1838–1933), unaongeza sharti ambalo wengi hulipita: kila mara aende na namna nyingine ya kutuliza. Kurudia sentensi ileile mara tatu hakuhesabiki kuwa juhudi tatu. Akimaliza, deni lake limekwisha. Rema, yaani Moshe Isserles wa Krakow, mwandishi wa nyongeza za Shulhan Arukh, anataka aseme mbele ya watu kumi kwamba aliomba, ili asidhaniwe kuwa amepuuza.

Na je, ataje kosa lenyewe? Kwa kawaida ndiyo, kwa sababu ile ile ya "kadha wa kadha". Ila kama kulitaja kunamwongezea aibu aliyekosewa, anaomba bila kulichimbua. Suala gumu kuliko yote hapa ni la usengenyaji ambao msengenywa hajausikia. Kagan, katika sheria zake za ulimi, alimtaka mkosaji amwendee na kumweleza. Yisrael Salanter (1810–1883) alipinga: kwa haki gani unampa mtu uchungu ambao hakuwa nao, ili wewe upate nafuu? Kwa maoni yetu Salanter ameshika jambo la msingi. Toba ikigeuka kuwa dawa ya mkosaji, inayolipiwa na maumivu ya aliyekosewa, imepoteza mwelekeo.

Kwa nini 13

Talmudi yenyewe inashangaa. Inauliza: Rav aliwezaje kufanya hivyo, wakati Rabi Yosi bar Hanina amesema anayeomba radhi asiombe zaidi ya mara tatu? Jibu lina maneno mawili: "Rav shani", Rav ni tofauti. Fasiri ya kawaida ni kwamba alijiwekea ugumu mwenyewe, juu ya kile kinachodaiwa. Wengine wameona kwamba Rabi Hanina alikuwa kwake katika daraja la mwalimu, na kwa mwalimu hesabu ya tatu haitumiki. Rambam anaandika wazi kwamba aliyemkosea mwalimu wake huenda na kurudi hata mara elfu mpaka asamehewe.

Mpaka wa mara tatu unastahili kutetewa, kwa kuwa mara nyingi hudhaniwa ni upungufu wa upole. Bila mpaka, aliyekosewa anakuwa na mamlaka yasiyo na mwisho juu ya mkosaji. Anaweza kumfanya aje mlangoni kila mwaka, atazamwe, arudishwe. Hapo waliobadilishana nafasi ni wao wawili, na wahenga walijua hivyo. Rambam anasema kwamba baada ya mara ya tatu mwombaji anamwacha yule na kwenda zake, na asiyesamehe ndiye mwenye dhambi. Aliyekosewa sasa ameshika kosa.

Mikesha 13 ina doa jingine dogo. Siku ya kuomba radhi si mkesha wa Yom Kippur peke yake. Wajibu unaanza siku ya kosa. Mkesha ni ukomo wake, kama siku ya mwisho ya kulipa. Kisa kinataja mikesha tu. Yeyote anayekichukua kuwa kielelezo asichukue ratiba ya mara moja kwa mwaka, kwa sababu kinyongo kilichokaa miezi 12 kimeshaota mizizi.

Ndoto ya mtende

Swali la pili la Talmudi ni zito zaidi: na Rabi Hanina je, aliwezaje? Si Rava amesema kwamba anayeachilia haki yake, Mbinguni nako wanamwachilia makosa yake yote? Mishna ile ya Bava Kamma inamkataza aliyeombwa asiwe mkatili, ikitoa mfano wa Ibrahimu, ambaye Abimeleki alimchukulia mkewe na bado Ibrahimu akamwombea apone (Mwanzo 20:17). Rambam anaongeza picha ya tabia inayotakiwa: mwepesi wa kuridhika, mgumu wa kukasirika, na anapoombwa asamehe kwa moyo mkunjufu.

Talmudi inajibu kwa ndoto. Rabi Hanina aliota Rav ameangikwa juu ya mtende, na ilipokewa kwamba anayeonekana ameangikwa juu ya mtende atakuwa mkuu. Akaelewa: huyu lazima apewe uongozi. Naye Hanina ndiye ambaye Rabi Yehuda alimtaja katika wasia wake kuwa akae mbele ya chuo (Ketubot 103b). Utawala mmoja haukai juu ya mwingine. Kama Rav angebaki pale, mmoja wao angelazimika kuondoka, pengine kwa kifo. Basi hakukubali kuridhika, kusudi Rav aondoke akafundishe Torati Babeli.

Hapa panahitaji utulivu. Jibu hili halisemi kwamba Rabi Hanina alikuwa bado ameumia. Linasema kinyume: suala la kuumia lilikuwa limekwisha, na kukataa kwake kulikuwa chombo cha jambo jingine. Yeye ndiye aliyesema, "Kila kitu kiko mikononi mwa Mbinguni, isipokuwa kumcha Mungu" (Berakhot 33b). Mtu wa usemi huo hakuamini kwamba ndoto inamwondolea wajibu. Aliona ukuu wa Rav umeshaamuliwa, na kwamba lililobaki mikononi mwake ni kuamua utatimia wapi.

Kutokana na kisa hiki Rema alichonga mwanya katika sheria: anayeombwa asiwe mkatili kwa kutosamehe, isipokuwa anakusudia manufaa ya mwombaji. Wafafanuzi wa baadaye walipanua mwanya huo hadi pale anapohofia madhara kwake mwenyewe, hilo nalo wakilisoma kwa Hanina. Mishna Berura ikauzibia upande mmoja: hata anapozuia neno la msamaha kwa sababu njema, moyoni lazima aondoe chuki, maana yule ameomba kwa kweli.

Mwanya huu unatumiwa vibaya kirahisi. "Simsamehi ili ajifunze" ni maneno yanayopatikana kwa kila mwenye kinyongo. Alama ya kwanza ya kuyapima ni hiyo ya moyo: Je, chuki imeondoka na neno tu ndilo limezuiliwa, au neno limezuiliwa ili chuki ipate mahali pa kukaa? Alama ya pili ni kama manufaa yale yanaweza kutajwa na mtu wa tatu asiye na upande. Manufaa ya Rav yanaonekana katika historia. Ya wengi wetu hayaonekani hata kwa jirani. Na kuna gharama ambayo kisa hakiifichi: mtu aliyekwenda mara 13 bila kuambiwa sababu. Talmudi inatoa sababu kwetu. Haisemi kwamba Rabi Hanina alimwambia Rav. Tungependa angemwambia.

Mwanya mwingine, wenye msingi tofauti, ni wa aliyezushiwa. Aliyeharibiwa jina kwa uzushi halazimiki kusamehe, kwa sababu wapo waliousikia uzushi ambao hawatasikia kamwe kwamba umekanushwa. Hata hivyo kusamehe kunahesabiwa kuwa unyenyekevu. Rav hakuzusha, kwa hiyo mlango huu haukuwa wa Hanina.

Yanayokwama kila mwaka

Sheria haimwachii mkosaji peke yake kazi yote. Walawi 19:17 inakataza kumchukia ndugu moyoni na inaamuru kumkemea. Rambam anafasiri kwamba aliyekosewa asinyamaze na chuki, bali amwulize mwenzake, kwa nini umenifanyia hivi? Rabi Zeira alikuwa na njia laini zaidi. Mtu akimkosea, alikuwa akipitapita mbele yake, ili kumrahisishia yule kuja. Hakwenda kudai radhi. Alijiweka mahali pa kupatikana.

Rav alijaribu kuliko hivyo, na habari yake imeandikwa ukurasa uleule, kabla kidogo ya kisa cha Hanina. Muuza nyama mmoja alikuwa amemkosea. Mkesha wa Yom Kippur ukafika, muuza nyama hakuja. Rav akasema, nitakwenda mimi nimtulize. Njiani alikutana na Rav Huna, ambaye alimwuliza anakwenda wapi, Rav akajibu: kupatana na fulani. Rav Huna akasema, "Abba anakwenda kuua mtu." Rav alifika akasimama. Yule mtu alikuwa ameketi akipasua kichwa cha mnyama. Akainua macho, akamwona, akasema: "Wewe ni Abba? Nenda, sina shughuli nawe." Akiendelea kupasua, mfupa ukaruka, ukampiga kooni, akafa.

Rav Huna aliona nini mapema? Kwamba nia njema ya aliyekosewa haimwandai mkosaji. Rabi Zeira alimwachia mtu nafasi ya kuchukua hatua ya kwanza, Rav alisimama mbele ya meza yake akiwa kazini, na kwa kusimama tu alimlazimisha achague papo hapo. Mtu aliyelazimishwa kuchagua kabla ya kuiva huchagua vibaya, na safari hii kosa lake likawa zito kuliko la kwanza.

Siku hizi kinachokwama zaidi ni kitu kingine: ujumbe mmoja kwa simu, kwa watu wote, "kama nimekukosea, nisamehe". Unawafikia mamia ambao hawana dai, na yule mmoja mwenye dai anaupokea katika orodha ileile. Hakuna "kadha wa kadha", hakuna aliyekwenda, na hakuna aliyeona haya. Radhi ya jumla ina mahali pake, lakini ni upande wa mwenye kusamehe. Tefila Zaka, sala ambayo wengi husoma kabla ya Kol Nidre, tamko linalofungua ibada ya usiku wa Yom Kippur, na iliyoenezwa na kitabu cha Avraham Danzig (1748–1820), ina tamko la kumsamehe kila aliyenikosea. Hata humo kuna mipaka ya wazi: haisamehi mali inayoweza kudaiwa mahakamani, wala anayekosa huku akisema "nitamkosea, naye atanisamehe". Hiyo ya pili ni mwangwi wa Mishna ya Yoma: asemaye nitakosa na Yom Kippur itafunika, Yom Kippur haimfuniki.

Kosa jingine la kawaida ni maelezo. Mwombaji anaanza vizuri, halafu anaingiza "lakini nilikuwa nimechoka". Rav alikuwa na udhuru huo tayari, na ulikuwa wa kweli: alikuwa ameshasoma mwanzo ule mara nne. Lakini udhuru ukitolewa pamoja na radhi unamtaka aliyekosewa afanye kazi mbili, kusamehe na kukubali kwamba hapakuwa na jambo kubwa la kusamehe.

Aliyekosewa akifa kabla ya kuombwa, mkosaji huchukua watu kumi, husimama kaburini, na kusema: nimemkosea Mungu wa Israeli na fulani huyu, kwa kumfanyia jambo hili na hili. Kaburi likiwa mbali kupita parsa tatu, kama kilomita 12 hivi, anaweza kumtuma mtu akachukue kumi huko. Kama ni mali, warithi wanalipwa. Warithi wasipojulikana, fedha inawekwa kwenye mahakama ya Kiyahudi.

Rav hakuhitaji hilo, kwa sababu aliyeondoka ni yeye. Mwaka 219 alishuka Babeli, akaanzisha chuo cha Sura, akafundisha huko hadi kifo chake mwaka 247. Rabi Yohanan, aliyebaki kuwa mkubwa wa wanachuoni wa Nchi ya Israeli, alikumbuka kwamba ujanani alikuwa akikaa safu 17 nyuma ya Rav mbele ya Rabi Yehuda. Miaka yote ya uhai wa Rav, barua za Rabi Yohanan kwenda kwa Rav zilianza kwa salamu kwa "mwalimu wetu aliyeko Babeli".